Jinsi ya Kuyaona Maua ya Msituni: Mwongozo Kamili wa Matembezi Mafupi Amani, Usambara Mashariki

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu anatoka Tanga mjini au Dar es Salaam, anapanda hadi Amani, anatembea msituni asubuhi nzima, halafu anasema hakuona ua hata moja zaidi ya yale ya kando ya barabara. Maua yalikuwepo. Amepishana nayo, mengine ameyaruka bila kujua.

Wengi hutafuta rangi, kwenye usawa wa macho, huku wanatembea. Ndani ya msitu mnene mwanga ni haba na maua mengi ni madogo, kwa hiyo rangi huionei mbali. Wanaofanikiwa hutafuta kwanza mahali ua linapokaa: mwamba wenye kivuli, ukingo wa kijito, pengo ambalo mti umeanguka, tawi kongwe lenye unyevu. Mahali pakipatikana, wanatafuta jani. Ua huja mwisho.

Hatua zilizo hapa chini ni za matembezi ya kilomita 2 hadi 3 ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Ukienda Magamba kule Lushoto, au kwenye misitu ya Uluguru, utaratibu ni huo huo ingawa aina za maua zitabadilika.

## Vitu vya kubeba

- Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Hii ndiyo nunua kwanza. Ukiikosa, simu yenye kamera inayokaribia vitu vidogo itasaidia.
- Simu iliyojaa chaji, yenye iNaturalist, programu ya kupakia picha za mimea na kusaidiwa kuitambua, uliyoipakua kabla ya kuondoka mjini. Mtandao msituni ni wa kubahatisha. Picha utazipakia baadaye.
- Daftari dogo na penseli. Penseli huandika kwenye karatasi yenye unyevu, kalamu ya wino hugoma.
- Rula fupi ya kuonyesha ukubwa kwenye picha.
- Darubini, kama unayo au unaweza kuazima. Ni ya kutazama matawi ya juu.
- Suruali ndefu, soksi ndefu na viatu vyenye meno. Chomeka suruali ndani ya soksi. Siafu wakishapanda ndani ya nguo, matembezi yameishia hapo.
- Koti la mvua, maji ya kunywa na dawa ya kufukuza mbu. Zigi, penye lango la kuingilia hifadhi, iko chini, kwenye mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, na mbu wapo.

Usibebe mkasi, kisu cha kuchimbia wala mifuko ya kuwekea mimea. Kuchuma mmea ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na hakuna hatua hapa inayohitaji kuchuma chochote.

## Hatua ya 1: Panga siku na saa

Maua mengi ya sakafu ya msitu hufuata unyevu. Nenda wiki chache baada ya mvua kutulia: mwishoni mwa masika, kuanzia Juni, au baada ya vuli, Desemba na Januari. Katikati ya masika maua yapo pia, lakini barabara ya kupanda Amani inakuwa tope na miamba inateleza. Kwa anayeanza sikushauri.

Ingia msituni saa 2 asubuhi na utoke kabla ya saa 6 mchana. Yapo maua yanayofunguka asubuhi tu. Commelina ni mfano unaoujua kama umewahi kupalilia shamba: gugu lenye petali mbili za buluu zinazoonekana wazi na ya tatu ndogo iliyojificha chini. Kila ua huchanua asubuhi na jua likishapanda linanyauka. Ukifika saa 8 mchana utasema halipo.

Hali nzuri ni anga la mawingu mepesi. Jua kali hupenya kati ya majani na kuacha mabaka ya mwanga na kiza, na macho hushindwa kutofautisha ua na baka la mwanga.

## Hatua ya 2: Lipa, uliza, chukua mwongozaji

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuna ada ya kuingia na ada ya mwongozaji, na viwango hubadilika, hivyo waulize wenyewe kabla ya safari. Malipo yafanyike kwa utaratibu wa serikali na udai risiti.

Usikwepe mwongozaji kwa kuona njia ni fupi. Anajua ni kijito kipi kina maua wiki hii. Lakini muulize vizuri. Swali la "kuna maua gani?" huzaa jibu la jumla. Sema hivi: "Shikamoo mzee. Naomba unipeleke njia fupi yenye kijito na miamba, na tutembee polepole. Sitaki kufika mbali." Waongozaji wamezoea wageni wanaotaka kilele na maporomoko ya maji. Usipomwambia mapema kwamba utasimama mara kwa mara, atakukimbiza, naye atakuwa hajakosea.

Muulize pia jina la Kisambaa la kila mmea mtakaouona, uliandike. Mimea mingi ya hapa jina lake la Kisambaa linajulikana kuliko la Kiswahili.

Umefanikiwa kama kabla ya kuanza unajua njia itapita wapi penye maji, wapi penye mwamba na wapi penye uwazi.

## Hatua ya 3: Anza pembezoni, utenganishe wenyeji na wageni

Usikimbilie ndani. Tumia nusu saa ya kwanza kwenye ukingo wa msitu, penye mwanga. Huku maua ni mengi na rahisi kuona, ila mengi si ya hapa. Ukiyajua mapema, hayatakupotezea muda huko mbele.

Kuna lantana, kichaka chenye vishada vya maua madogo, rangi mbili au tatu kwenye kishada kimoja, na majani yanayokwaruza. Kuna alizeti pori, Tithonia diversifolia, refu na la njano. Kuna pia Clidemia hirta, kichaka kifupi chenye majani yenye nywele na mistari mirefu inayokimbia kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, maua meupe madogo na matunda ya buluu iliyokoza. Yote matatu asili yake ni Amerika ya kitropiki. Clidemia ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana haikai pembezoni tu. Hupenya hadi ndani ya msitu na kuzisonga chipukizi za asili. Ukiiona ndani, mwonyeshe mwongozaji mahali ilipo.

Wenyeji wa pembezoni wapo pia. Thunbergia alata hutambaa juu ya vichaka, ina petali tano za rangi ya chungwa na kitovu cheusi tii. Watu wa Ulaya hulinunua kama ua la bustani. Kwetu ni la njiani. Kwenye vichaka unaweza kukutana na Gloriosa superba, petali nyekundu na njano zilizopindukia juu kama miali ya moto, na majani yaliyoishia kwa ncha inayojisokota kwenye mimea ya jirani.

Onyo: Gloriosa ina sumu kali, hasa kiazi chake cha ardhini. Itazame, ipige picha, na watoto wasiichezee. Pembezoni pia ndiko kwenye upupu. Maganda yake yana manyoya yanayowasha vibaya, kwa hiyo usishike kitu chenye manyoya ya rangi ya kahawia bila kukijua.

Umefanikiwa kama unaweza kusema, kwa kila ua la pembezoni, "hili mwenyeji" au "hili limeletwa".

## Hatua ya 4: Ingia, simama, tazama ngazi tatu

Ukiingia kwenye kivuli, simama dakika tano bila kufanya kitu. Macho yanahitaji muda kuzoea mwanga hafifu. Wanaoruka hatua hii ndio hao wanaoona ukuta wa kijani.

Kisha tazama ngazi tatu, moja baada ya nyingine.

Chini, kwenye nyayo zako. Hapa ndipo wengi wanakosa. Chukua Aframomum, jamaa ya tangawizi na iliki. Majani yake yanasimama kumpita mtu mrefu, na watu huyatazama juu wakisubiri ua. Ua halipo juu. Linatoka ardhini, kwenye shina la chini, mara nyingi limefunikwa na majani makavu hatua moja au mbili kutoka penye majani mabichi. Chuchumaa, angalia kati ya majani yaliyoanguka bila kuyafukua.

Kiunoni, kwenye mashina. Baadhi ya miti ya msitu huu hutoa maua moja kwa moja kwenye shina, kama ufanyavyo mkakao. Jamaa za mtopetope zimo kwenye kundi hili. Zunguka mti, upande wa njia unaweza kuwa mtupu na upande wa pili umejaa.

Juu, kwa kuanzia chini. Huwezi kuona maua ya mti wa mita 30 kwa kukodolea majani. Tafuta maua yaliyoanguka njiani. Ukiona petali mbichi ardhini, simama hapo hapo, inua darubini, fuata wima. Msambu, mti maarufu wa hapa ambao mbegu zake hutoa mafuta, huonekana kwa namna hii: kwanza ua chini, halafu mti.

Onyo: Kabla ya kuchuchumaa, tazama unapoweka mikono na magoti. Angalia nyoka, angalia mstari wa siafu.

Mwendo uwe wa kilomita moja kwa saa. Unaonekana wa kuchosha ukiusoma, lakini msituni saa huisha bila wewe kuhisi.

## Hatua ya 5: Nenda penye maji

Vijito vya Amani hushuka kwenda mto Zigi, mto unaolisha Tanga mjini kwa maji. Kingo zake ndizo bustani ya kweli ya msitu huu.

Ua utakaloliona kwa wingi ni Impatiens walleriana. Lina petali tano bapa, za waridi, nyekundu, chungwa au nyeupe. Shina lake ni laini na limejaa maji, karibu linapitisha mwanga. Ukilitazama kwa mbele tu hutaona kitu chake kikuu, kwa hiyo ligeukie kwa ubavu: nyuma ya ua unaning'inia mkia mwembamba uliopinda. Mkia huo ni mrija wenye nekta, na mdudu anayeifikia ni yule mwenye ulimi mrefu, kama kipepeo. Ukikuta kijitunda cha kijani kilichovimba, kiguse kwa ncha ya penseli. Kikiwa kimekomaa kitapasuka papo hapo na kurusha mbegu.

Usilidharau kwa sababu linauzwa kwenye vitalu vya mjini. Hili ni la Afrika Mashariki kwa asili yake, na hapa unaliona lilipo nyumbani.

Umefanikiwa kama umeuona mkia huo kwa lenzi na ukaweza kuuchora kwenye daftari.

## Hatua ya 6: Mwamba wenye kivuli, na vaileti ya Usambara

Hii ndiyo hatua watu wanayoijia, na ndiyo wanayoshindwa zaidi. Vaileti ya Usambara ilijulikana kwa wanasayansi kwa jina la Saintpaulia. Siku hizi wameiweka ndani ya Streptocarpus, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili. Iko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, lakini mahali inapoota yenyewe ni misitu ya Tanzania na sehemu ya Kenya, na nyingi ya aina zake za porini ziko hatarini.

Haioti sakafuni kama watu wanavyodhani. Hupenda uso wa mwamba, ulio wima au ulioinama, wenye kivuli karibu siku nzima, unyevu usiokatika, na udongo kiduchu kwenye nyufa. Ukipata mwamba wa namna hiyo karibu na kijito, fanya hivi:

1. Simama hatua mbili kutoka kwenye mwamba. Usiuegemee wala usiushike.
2. Sahau rangi ya zambarau. Tafuta majani ya duara au ya yai, manene kidogo, yenye nywele fupi, yaliyokaa kwenye vikonyo virefu vinavyotoka kitovu kimoja na kujipanga bapa.
3. Pita macho kutoka ufa hadi ufa, kushoto kwenda kulia, halafu shuka mstari unaofuata.
4. Ukipata majani, ndipo utafute ua katikati yake: la zambarau au buluu, upana wa sentimita 2 hadi 3, vipande vitano, viwili vya juu vikiwa vidogo kuliko vitatu vya chini.

Sasa sogea na lenzi yako. Katikati ya ua utaona vifuko viwili vya njano vilivyoshikana. Humo mna chavua. Pembeni yake kuna kijiti chembamba, sehemu ya kike ya ua. Hakikai katikati. Kimelala upande mmoja, ama kushoto ama kulia. Tafuta ua jingine na ulinganishe. Usishangae kuona kimelala upande wa pili. Mdudu anayetua hubeba chavua ubavuni mwake na kuifikisha kwenye ua linaloelekea upande mwingine. Nikiwa na mgeni, hapa ndipo humwachia lenzi akae nayo anavyotaka, maana hakuna picha ya simu inayolipa kama kukiona kijiti hicho kwa jicho lake.

Onyo la kwanza: mwamba wenye maji unateleza, na viatu vyako vinaweza kung'oa mimea iliyochukua miaka kushika hapo. Kanyaga ardhi tu.

Onyo la pili, na nalisema kwa uzito wote: usichume hata jani moja. Jani moja la vaileti likichomekwa kwenye udongo hutoa mmea mpya, na ndiyo sababu watu hujipa ruhusa ya "kajani kamoja tu". Aina nyingine zimebaki kwenye miamba michache mno, na kila anayepita akichukua kajani kake, mwamba unabaki mweupe. Ukitaka za nyumbani, nunua kitaluni.

Umefanikiwa hata kama umepata majani bila maua. Mahali umepajua, ua ni suala la wiki.

## Hatua ya 7: Okidi, kwenye matawi

Okidi nyingi za hapa hazioti ardhini. Hukaa juu ya matawi makongwe yaliyoviringwa na kuvumwani, na mizizi minene ya rangi ya fedha iking'ang'ania gome. Tafuta mizizi hiyo kwa darubini.

Nyingi za jamii ya Angraecum na Aerangis zina maua meupe yenye mkia mrefu, na harufu yake hutoka usiku kwa ajili ya nondo. Mchana hazinuki, hivyo pua haitakusaidia. Kitakachokusaidia ni matawi yaliyoanguka. Baada ya siku ya upepo, kila tawi kubwa lililolala njiani ni nafasi ya kuona kwa karibu kile kilichokuwa juu kabisa. Litazame pande zote, kisha liache lilipo.

## Hatua ya 8: Piga picha zinazoweza kutambulika

Picha moja nzuri ya ua haitoshi kulitambua. Piga tano:

- mmea mzima na mahali ulipoota;
- ua kwa mbele;
- ua kwa ubavu, mkia uonekane kama upo;
- jani, juu na chini, bila kulikata;
- shina, kuonyesha kama majani yanakaa mawili mawili yakielekeana au yanapishana.

Weka rula pembeni kwenye picha moja. Zima taa ya kamera, kwa sababu huua rangi na kufuta nywele za jani. Simu ikikataa kulenga ua dogo, weka kiganja chako nyuma ya ua. Kamera italenga mkono na ua litatoka safi.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, mwinuko kama simu inauonyesha, mwanga (kivuli kizito, kidogo au wazi), ardhi (mwamba, udongo, gome), na jina la Kisambaa ulilopewa.

## Hatua ya 9: Tambua ukiwa umekaa

Msituni kusanya. Kutambua subiri ufike Muheza, penye mtandao na chai.

Programu itakupa pendekezo la kwanza kwa haraka, na mara nyingi litakuwa mmea wa bustani wa nchi nyingine, kwa sababu hiyo ndiyo mimea yenye picha nyingi. Usikubali papo hapo. Linganisha mambo manne: idadi ya petali, mpangilio wa majani, umbo la ua kwa ubavu, na kama mmea uliopendekezwa umewahi kurekodiwa Usambara. Jambo moja likikataa, rudi nyuma hadi kwenye familia na uishie hapo. "Familia ya tangawizi" iliyo sahihi ina faida kuliko jina kamili la uongo, maana wanaojua zaidi wataanzia hapo kukusaidia.

Vaileti na okidi ficha mahali halisi kabla ya kupakia. Kwenye iNaturalist kuna sehemu ya kuchagua jinsi eneo litakavyoonekana kwa umma, chagua lifichwe. Angalia pia picha zako zenyewe, maana mwamba wenye umbo la pekee au kibao cha njia kikionekana nyuma kinatosha kumfikisha mchumaji. Ukizituma kwenye makundi ya WhatsApp, andika "Usambara Mashariki" na usiongeze jina la kijito.

Yale yaliyobaki bila jina yapakie hivyo hivyo, ukiandika familia au "mmea" tu, na umtumie mwongozaji wako nakala za picha. Yeye atapita penye mmea huo tena wiki ijayo, utakapokuwa umetoa tunda.